Namba Saba

Mwaka wa tisa nabeba
mabegi ya wenye shiba,
jua la Malindi, toba!
na kamba yala begani.

Naijua kila fimbo,
uzito wake na umbo,
na upepo wenye tambo
wa shimo la ufukweni.

Za kwangu? Sijazipata.
Jumatatu, wakiita,
moja niliyookota
hunitosha uwanjani.

Usiku, Mweni kachoka,
na simu yangu yawaka,
picha moja ikafika
ikaniteka machoni.

Seti kamili, nyeusi,
muuzaji yu mwepesi:
"Tuma nusu, hima, basi,
wengine wako foleni."

Nikamwuliza, "Ni zako?"
"Za mjomba, yuko huko
nje, hana masumbuko,
kaziacha sebuleni."

Akiba nikaituma,
ya bati na ya kisima;
Mweni sikumtazama
tukinywa chai jikoni.

Kesho: "Ongeza nyingine,
mia nne, au nane,
ndipo begi ulione
likishuka kituoni."

Siku ya nne likaja,
limefungwa kwa mkaja
wa gunia; sikungoja,
nikafungua njiani.

Ya tatu, rangi bandia;
ya tano, shingo yalia,
kichwa kimeshikilia
kwa gundi ya viatuni.

Nikasema, "Ndiyo bei,
kirahisi hakikai,
nitatengeza, sidai,
shilingi ziko shimoni."

Kisha nikashika Saba.
Pumzi ikanikaba:
kwenye ncha, kovu la mwiba
lililotoka mwambani.

Bendera nimeishika,
Mzee Renzo kafyeka
jiwe, sote tukacheka,
cheche zaruka nyasini.

Nikabandua mkanda:
herufi zilizoganda,
zake Renzo, nilipenda
kuzing'arisha zamani.

Ziliibwa mwaka jana
garini kwake, mchana;
nikaulizwa kwa kina
mara tatu polisini.

"Nani alijua gari?
Kedi ndiye mwenye siri!"
Renzo kasema, "Subiri,
huyu simtii ndani."

Akanishika mkono,
kidoleni kwangu wino
mbichi; bila la maneno
kanirudisha kazini.

Sasa liko nami hapa,
kwa jasho nimelilipa,
nami hata nikiapa,
ataniamini nani?

Risiti? Hana risiti.
Jina lake? Si la hati.
Napiga kila wakati:
mteja hapatikani.

Picha haina harufu,
haina jasho la hofu,
na hata gundi hafifu
hung'aa mno simuni.

Nikirudisha, ni mwizi;
nikikaa nazo hizi,
pia mwizi, tena wazi,
mwenye mali mvunguni.

Kutupa? Mto Sabaki
hutapika, hauziki,
na mkono hautaki
kuzitosa matopeni.

Mweni kaona mzigo,
kauliza kwa kisogo,
"Bati ndilo hili gogo?
Utaliweka paani?"

Nikanyamaza. Kasema,
"Renzo yu hai, si mwema?
Mpelekee mapema,
neno lisije mjini."

Rahisi kinywani mwake.
Geti lina macho yake,
bawabu ana ya kwake
aandike kitabuni.

Usiku, taa natia
mafuta, nazitandia
jamvi; zote zatulia
kama wagonjwa wodini.

Kitambaa, maji, jivu,
nasugua kwa uvivu,
na kwa Saba, kwenye kovu,
kidole chazama chini.

Kesho Renzo anacheza.
Atageuka, kuwaza:
"Fimbo gani itaweza
huu upepo wa pwani?"

Nami nitasema, "Saba,"
jina hilo, kama mwiba;
na neno nililobeba,
litoke, libaki ndani?